Filimbi ya Saa Tisa na Nusu

Wewe uliyeshika simu hapo, weka kazi chini kidogo, sogea karibu unisikilize, maana jambo hili sitaki kulisema kwa sauti. Leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, katika barabara kubwa ya mji wetu, mbele ya wakwe na mbele ya watu niliowafundisha mwenyewe kusoma. Naandika haraka kwa sababu Issa wa pikipiki amepiga picha, na namjua Issa: kufikia magharibi itakuwa imeshafika Pemba, Nampula na Mtwara. Afadhali habari muipate kwangu, tena kwa utaratibu, hatua kwa hatua. (Ndiyo, hata aibu yangu naifundisha kama somo. Ndivyo nilivyo, nivumilieni.)

Kwa asiyenijua: mimi ni mwalimu Amade wa Mocímboa. Nimefundisha darasa la tatu na la nne miaka mingi sana, na nusu ya watu wanaouza, wanaojenga na wanaoendesha pikipiki mjini hapa wamepita mikononi mwangu. Mpaka leo wananiita prosori. Mke wangu ni Zena. Mtoto wetu wa kiume ni Nuro, fundi umeme. Miaka ile ya vita, tulipouhama mji, sisi tulikimbilia Mueda, kule juu kwenye nyanda, na huko Nuro akamwona binti anaitwa Felizarda. Sisi tumerudi nyumbani. Roho ya Nuro haijarudi. Kijana amekonda. Juzi alikwenda kufunga taa kwa jirani, swichi ikawasha feni.

Basi tukapeleka neno la posa, na jibu likaja: mjomba atateremka kutazama.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Binti ni Mmakonde, na kwa Wamakonde mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake, kaka wa mama. Baba anaweza kukubali, mama anaweza kukubali, shangazi wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mjomba akitikisa kichwa, mmekula wali wa bure. Kwa hiyo anayekuja nyumbani kwako siku hiyo si mgeni. Ni mtihani. Na wanaotaka kuoana hawatakiwi kuwepo. Felizarda alibaki Mueda, na Nuro tangu alfajiri tulimfukuza akashinde kwa shangazi yake, akaenda huku anageuka nyuma kila hatua.

Asubuhi Zena alinishika mkono mlangoni.

"Amade, nakuomba kitu kimoja. Leo usieleze sana."

"Sitaeleza."

"Watu wamekuja kutazama, hawakuja kusoma."

"Nimekuelewa, mama Nuro."

"Na mbuzi umemfunga?"

"Nimemfunga. Tena fundo nililotumia ni lile ambalo mbuzi akivuta ndiyo linazidi kukaza, kwa sababu kamba inapopita chini ya..."

"Amade."

"Nimemfunga."

Wageni wakafika kabla ya adhuhuri. Mjomba Tomasi ni mzee mrefu, mwembamba, mgongo umenyooka kama mwimo wa mlango. Ujanani alikuwa askari, na ukimtazama unaona bado hajaambiwa apumzike. Kichwani alikuwa na kofia ya ukindu, pana, mpya kabisa, bado inanukia majani. Baadaye nilijua aliinunua kwa ajili ya safari hii, asije kwa wakwe kichwa wazi. Nyuma yake alikuwa dada yake, Mama Felizarda, mwanamke mfupi, mkimya, kapulana mbili, vitenge vya kwetu huku, zimekunjwa vizuri begani.

Mama Felizarda alikaa mkekani akanipa ubavu. Hakunidharau. Ni heshima ya ukwe walivyolelewa kwao: neno la posa likiwa bado halijajibiwa, mama wa binti hasemi moja kwa moja na baba wa kijana. Akitaka chumvi anamwambia kaka yake, kaka yake ananiambia mimi, mimi namwambia Zena. Chumvi ilifika wali umekwisha. Likumbukeni hili jambo la heshima, kwa sababu ndilo lililoniangamiza.

Tulipomaliza kula, Mjomba Tomasi akanawa, akajifuta mikono, akasema maneno mengi kuliko yote aliyokuwa ameyasema tangu afike:

"Nimesikia mna mtaa wa zamani, na bustani. Nipelekeni nikaone. Nikishaona, nitasema neno langu."

Nilimtazama Zena. Zena akafumba macho. Jamani, mtu kaja mwenyewe, kwa kinywa chake, kaniomba nimwonyeshe mtaa wa zamani! Mimi! Nilikwenda chumbani kuvaa viatu nikitabasamu peke yangu kama bwana harusi.

Tukaanzia upande wa bandarini. Mnaoujua mtaa wetu mnajua uzuri wake wakati huo wa alasiri, kivuli cha miti ya mikungu kimeshavuka barabara na harufu ya mikate inatoka kwenye tanuri la zamani. Nilikwenda polepole. Niliwaonyesha nyumba za mawe ya matumbawe, nikaeleza kwa nini kuta zake ni nene kiasi kile (joto), kwa nini kila nyumba ina baraza yenye nguzo (joto na umbea), kwa nini madirisha ya juu ni madogo (hapo sijui, nilisema joto tena). Niliwaonyesha kibao cha jina la barabara, ambacho ukikitazama kwa upande unaona jina la kikoloni bado linachungulia chini ya rangi mpya. Niliwaonyesha nyumba ambayo mkuyu umeota ndani ya ukuta, na sasa hujui ni nyumba inayoushika mti au mti unaoishika nyumba.

Mjomba Tomasi kila kitu alikijibu kwa neno moja.

"Mh."

Alikuwa anagonga kuta kwa kidole, mara mbili, kisha anasikiliza.

"Chokaa?"

"Chokaa na matumbawe, mjomba."

"Mh."

Nilikuwa nazihesabu hizo "mh" moyoni. Nilifika kumi na nne. Mbele ya mlango wa nakshi ikatoka moja ndefu zaidi, kama "mhhh", na Zena akanibinya mkono kwa furaha. Nikasema moyoni, Nuro, mwanangu, kula chakula chako cha usiku, mambo yanakwenda.

Tukafika mbele ya bustani yetu, ile wengine mnayoiita jardim. Tuliporudi mjini ilikuwa kichaka. Tuliisafisha wenyewe kila Jumamosi, kwa majembe na mapanga, tukapaka rangi viti vya sementi, tukapanda nyasi kwa mkono, shina baada ya shina. Sasa imezungushiwa ua na ina mlinzi, Chande, maana nyasi zile mbuzi wa mji mzima wamezijua. Niliwaeleza wageni hayo yote tukiwa tumesimama ng'ambo ya barabara, tumeigeukia nyumba moja ya mawe yenye milango minne. Bustani ilikuwa kushoto kwetu. Nyuma yetu kabisa, mwisho wa barabara, ilikuwa ile ofisi ya serikali yenye mlingoti wa bendera.

Sikugeuka kuutazama mlingoti. Kwa nini nigeuke? Upo pale tangu nina meno ya utoto.

Nikatazama saa. Ilikuwa tisa na dakika ishirini na kitu. Hapo, ndugu zangu, mdomo ukaniponza.

"Mjomba," nikasema, "una bahati. Muda si mrefu utaona jambo zuri la mji huu. Saa tisa na nusu ofisi ile hushusha bendera. Filimbi ya kwanza ikilia, kila mtu husimama pale alipo. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye ndoo anatulia nayo kichwani. Miguu pamoja, mikono chini, macho mbele. Hakuna kugeuza kichwa. Ndivyo ninavyowafundisha watoto: hata nzi akikutua puani, mwache apumzike, mpaka filimbi ya pili."

Mjomba Tomasi akanitazama kutoka juu.

"Kusimama nakujua, mwalimu."

Zena akakohoa. Nikaelewa maana ya kikohozi kile. Nikafungua mdomo nibadilishe mazungumzo.

Priiiii!

Filimbi. Kali, ya karibu, safi. Nikasema kwa sauti ya darasani, ile ambayo hata nikistaafu haitastaafu: "Sentido!"

Nikaganda.

Zena akaganda. Mjomba Tomasi akavua kofia yake kwa heshima, akaishika chini usawa wa paja, akanyooka. Jamani, yule mzee anajua kusimama! Kando yake mimi nilikuwa kama gunia la mihogo limeegemezwa ukutani. Na Mama Felizarda, ambaye kwa heshima ile ile alikuwa hatua tatu nyuma yetu akitupa mgongo, naye akasimama, uso wake ukielekea kule mwisho wa barabara.

Sasa sikilizeni jinsi mji wangu ulivyonitii. Muaziza, anayekaanga bajia kwenye kona, aliniona nimesimama, akasimama na mwiko mkononi. Issa akazima pikipiki. Wanawake wawili waliobeba ndoo za maji wakatulia. Muuza samaki mmoja aliyekuwa na kisu mkononi na samaki mezani aliacha samaki. Barabara nzima ikanyamaza, ukasikia bahari. Wote wanafunzi wangu! Moyo ukanijaa fahari. Nikasema, Mjomba Tomasi na aone mwenyewe mpwa wake anakuja kukaa na watu wa namna gani.

Ikapita dakika moja. Kwa kawaida dakika moja na nusu inatosha.

Ikapita ya pili.

Ya tatu.

Jasho likaanza kuteremka mgongoni. Jua lilikuwa limeupita mkungu, likatukuta usoni.

"Kamba imekwama," nikaeleza kwa pembe ya mdomo, bila kutikisa midomo. "Kule juu kuna kapi, gurudumu dogo linalopitisha kamba. Chumvi ya bahari hulishika. Huwa inatokea."

"Mh," akasema Mjomba Tomasi, naye bila kutikisa midomo.

Ikapita ya nne. Nikasikia harufu ya bajia zinaungua. Nikasikia pia kitu kingine, karibu sana, upande wa kushoto: kruch, kruch, kruch. Kama mtu anayetafuna miwa mikavu.

"Amade," Zena akanong'ona, "huyo..."

"Shh."

"Amade, nakwambia huyo ni..."

"Mama Nuro, sentido."

(Andikeni tarehe ya leo. Ndiyo siku niliyomnyamazisha mke wangu kwa amri ya kijeshi, na yeye alikuwa sahihi.)

Kruch, kruch. Nikaona kwa pembe ya jicho Mjomba Tomasi anatikisika kidogo mkono wa kushoto, kama mtu anayevutwa shati na mtoto. Lakini hakuinamisha kichwa. Macho mbele. Nikamstahi zaidi. Nikasema, hiki ndicho kizazi cha watu.

Aliyevunja kimya ni Muaziza. Alivumilia mpaka moshi ukampanda puani, kisha akapiga kelele kutoka kwenye kona yake:

"Prosori! Bajia zangu zimekuwa makaa! Niambie tu, nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, Muaziza! Bendera!"

"Bendera ipi?"

"Inayoshushwa!"

"Inashushwa kutoka wapi, prosori?"

Ndipo nikageuka.

Mlingoti haukuwepo. Samahani, ulikuwepo, lakini ulikuwa umelala. Umelazwa chini, juu ya mapipa mawili, nusu yake umepakwa rangi nyeupe na nusu bado una kutu. Kando yake alisimama Bakari mpaka rangi, aliyepita darasa langu la nne, miguu pamoja, macho mbele, brashi mkononi. Rangi ilikuwa imechuruzika kutoka kwenye brashi mpaka kwenye kiatu, na kiatu kimoja kilikuwa cheupe.

"Bakari!" nikaita. "Wewe si unauona mlingoti uko chini?"

"Nauona, prosori!"

"Sasa umesimama kwa nini?"

"Nimekuona wewe umesimama!"

Watu wakaanza kutazamana. Nikauliza, tena kwa upole wa mtu anayejua jibu halitampendeza, "Sasa filimbi alipiga nani?"

Halafu mlangoni pa bustani mkono mmoja ukapanda juu, taratibu, kama wa mtoto asiye na uhakika wa hesabu. Chande mlinzi. Alikuwa amesimama wima kati ya nguzo mbili za lango, kofia yake kifuani, na shingoni mwake filimbi mpya inang'aa.

"Mimi, mwalimu. Wamenipa wiki hii. Nilikuwa nafukuza mbuzi. Kutoka nje namfuata, nikaona barabara nzima imesimama. Nikasema kuna msiba mkubwa, nami nikasimama."

Mnaelewa? Nawaelezea vizuri asije mtu akapotea. Mwenye filimbi alisimama kwa sababu yetu. Sisi tulikuwa tunasubiri filimbi ya pili kutoka kwake. Tungekuwa pale mpaka kesho!

"Na huyo mbuzi," nikauliza, "amekwenda wapi?"

Chande akaninyooshea kidole. Si mimi. Kando yangu.

Nikatazama. Kwenye mkono wa Mjomba Tomasi kofia ya ukindu ilikuwa imebaki kama mwezi wa siku nne. Ukingo mmoja wote haupo. Na mbele yake, katulia, taya zinazunguka, macho yamelegea kwa utamu, alikuwa mbuzi mweupe mwenye doa jeusi jichoni na kipande cha kamba shingoni. Kamba mpya. Fundo lake nalijua. Ni lile ambalo mbuzi akivuta ndiyo linazidi kukaza. Lilikuwa zima kabisa, halijafunguka hata kidogo. Kilichokatwa kwa meno ni kamba.

"Nilikuwa nakwambia," Zena akasema polepole.

"Ni wa prosori huyo," Chande akaeleza mji mzima, akidhani ananisaidia. "Kila siku saa hizi yuko kwenye nyasi zangu. Nimeshindwa kukwambia, mwalimu, kwa heshima."

Hapo ndipo nilipotamani kisima cha zamani tulichokifukia bustanini kiwe bado wazi. Nilimgeukia mgeni wangu. Mtu kaja na neno la mtoto wangu mdomoni mwake, nami nimemsimamisha juani kama mtoto mtoro, nikamlisha mbuzi wangu kofia yake.

"Mjomba," nikasema, na sauti ile ya darasani sijui ilikokwenda. "Hukumsikia mbuzi?"

"Nilimsikia."

"Ulijua anakula kofia?"

"Tangu alipoanza."

"Sasa kwa nini hukumfukuza?"

Mjomba Tomasi akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si ulisema hata nzi?"

Nikaitazama ile kofia, nikamtazama mbuzi.

Kisha nyuma yetu tukasikia sauti kama birika linaloanza kuchemka. Mama Felizarda alikuwa amejiziba mdomo kwa kapulana, mabega yanapanda na kushuka. Nikakumbuka alikokuwa ameelekeza uso. Mlingoti uliolala, Bakari na kiatu chake cheupe, mbuzi alivyotoka langoni, Chande alivyomfuata akavua kofia: mama wa watu aliyaona yote tangu mwanzo, moja baada ya jingine, na heshima ya ukwe ikamfunga mdomo.

"Dada," Mjomba Tomasi akamwuliza, "uliona?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Na hukusema kitu?"

Mama Felizarda akashusha kapulana. Akanitazama usoni, mara ya kwanza siku ya leo, akanijibu mimi mwenyewe bila kumpitia mtu:

"Nilikuwa nasubiri filimbi ya pili."

Basi. Barabara yote ikapasuka. Muaziza alikaa chini kando ya karai lake. Issa alikuwa anapiga picha waziwazi sasa, hajifichi tena. Wale wa ndoo walimwagikiwa na maji. Zena, mke wangu niliyemwoa kwa mapenzi, aliegemea nguzo ya nyumba ya milango minne akalia machozi. Watu wawili tu ndio hatukucheka: mimi na Mjomba Tomasi.

Tukavuka kwenda bustanini, tukakaa kwenye kiti cha sementi. Chande alitufungulia lango akiinama kama tumetoka kuzika. Nilimshika mbuzi kwa kipande chake cha kamba. Mjomba Tomasi aliiweka kofia magotini, akapitisha kidole palipoliwa, taratibu, kama alivyokuwa akigonga zile kuta. Nikajipanga kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga mambo matatu ya kusema, kwa mpangilio, lakini Zena akaweka mkono wake gotini kwangu, nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza leo nilinyamaza kwa wakati.

Nilimfikiria Nuro kwa shangazi yake, anakagua simu kila dakika. Mtoto amesoma, hanywi, anasali, anamheshimu kila mtu. Anakosa mke kwa sababu ya baba yake na mbuzi.

Mwisho mzee akasema:

"Kule kwetu waliniambia, watu wa pwani maneno mengi, lakini usiwategemee kwa tendo. Leo nimeona mnatenda." Akaigeuza kofia. "Mnatenda hata kisichokuwepo."

"Tusamehe, mjomba."

"Huyu mbuzi mlikuwa mnamfuga kwa kazi gani?"

Nikasema kweli. "Tulimweka kwa harusi. Kama ingekuwepo."

Mjomba Tomasi akainama akamtazama mbuzi machoni. Mbuzi naye akamtazama, bado anatafuna, mdomoni kuna unyasi mmoja wa ukindu umetokeza.

"Basi mlisheni vizuri," mzee akasema. "Asichinjwe kwa Idi, asichinjwe kwa mgeni mwingine. Kofia yangu imo humo ndani. Nitakuja kuila siku hiyo na dada yangu, na watu wa kwetu wote."

Sikuelewa haraka. (Mwalimu!) Ni Zena aliyeelewa kwanza, akapiga kigelegele kimoja kikapasua bustani. Chande kwa mshtuko akapiga filimbi. Na hapo nje barabarani, wallahi siwadanganyi, Bakari mpaka rangi akasimama wima tena.

Mjomba Tomasi ndipo alipocheka. Alicheka bila sauti, mgongo umenyooka vile vile, machozi yanateremka. Kisha akaivaa ile kofia, palipoliwa pakiwa mbele, akarudi nayo kichwani mpaka nyumbani kwangu akipita mtaa wote wa zamani, na kila aliyemwamkia akamwonyesha mbuzi niliyekuwa nikimvuta nyuma. Zena alikwenda mbele na Mama Felizarda, wameshikana mikono, wanaongea wao kwa wao. Mimi sikueleza hata nyumba moja.

Nuro ameshaambiwa. Ameniuliza, "Baba, alikubali kwa sababu gani hasa?" Nimemwambia kwa sababu ya uvumilivu wa familia yetu. Tafadhali, picha ya Issa ikikufikia, usimpelekee Nuro kabla ya harusi.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, fanya hivi: siku ukisikia filimbi, geuza shingo kwanza uitazame bendera kwa macho yako. Ukiiona, simama. Usipoiona, shika kofia yako.